Aliyeshindwa Anarudi Wapi? Shirikisho na Safari ya Kuelekea Demokrasia

Hotuba hii niliitoa mbele ya mkutano wa walimu wa elimu ya uraia. Wengi waliokosa kufika wameomba kuisoma, nami nimeiandika karibu kama nilivyoizungumza. Ramani na picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Mwenyekiti, walimu wenzangu, na nyinyi wanafunzi mliokaa kule nyuma mkidhani siwaoni: hamjambo.

Nianze na hesabu. Theluthi mbili ya 19 ni ngapi?

Nasikia mtu amesema 13. Mwingine anasema 12 na theluthi mbili. Vizuri. Sasa wewe wa 12 na theluthi mbili, niambie: kama hizo 19 si ndizi bali ni majimbo, hiyo theluthi mbili ya jimbo utaikata wapi?

Mnacheka, lakini mwaka 1979 swali hilo lilifika Mahakama ya Juu ya Nigeria. Nchi ilikuwa inatoka katika miaka 13 ya utawala wa kijeshi. Ilikuwa na majimbo 19. Katiba mpya ilisema kwamba kupata kura nyingi hakutoshi kumfanya mtu awe rais. Lazima pia apate angalau robo ya kura katika theluthi mbili ya majimbo. Shehu Shagari aliongoza kwa kura. Robo yake aliipata katika majimbo 12. Katika jimbo la 13, Kano, akapata karibu asilimia 20 tu. Obafemi Awolowo, aliyeshika nafasi ya pili, akaenda mahakamani: jimbo halikatwi vipande, theluthi mbili ya 19 ni 13, mwenzangu hajashinda. Upande wa Shagari ukajibu kwamba katika lile jimbo la 13 inatosha kupata robo ya theluthi mbili ya kura. Mahakama ikakubaliana na Shagari, siku chache kabla ya kuapishwa tarehe 1 Oktoba.

Mkiniuliza mimi, hoja ya Awolowo ilikuwa na uzito zaidi. Lakini sikuja hapa kukata rufaa ya kesi ya 1979. Ninalotaka tuliangalie ni jambo jingine. Yule mzee alipotoka mahakamani siku ile, ameshindwa kwa sehemu ya jimbo, ana hasira, ana wafuasi mamilioni wenye hasira: alirudi wapi?

Alirudi kwenye kitu. Chama chake kilikuwa kimeshinda ugavana katika majimbo matano: Lagos, Ogun, Oyo, Ondo na Bendel. Huko kilikuwa na serikali, bajeti na shule za kuendesha, na kilikuwa na ahadi ya elimu bila ada iliyokuwa ikisubiri kutekelezwa. Kikaenda kufanya kazi. Watu wake hawakuingia msituni. Utawala wa kiraia ule ulikuja kupinduliwa na jeshi mwishoni mwa 1983, kweli, lakini walioshindwa uchaguzi wa 1979 hawakuuangusha.

Ndugu zangu, hilo ndilo swali langu la leo, na nitalirudia mpaka mlichoke. Aliyeshindwa anarudi wapi? Kila mnapoletewa mchoro wa shirikisho, wenye mabunge mawili, orodha za madaraka na ramani zenye rangi nzuri, uangalieni kwa jicho hilo moja. Aliyeshindwa katika serikali kuu anarudi wapi?

Tuweke maneno sawa kwanza, maana hapa watu huchanganya. Serikali kuu inayogatua madaraka inaazima: leo inatoa, kesho ikibadili sheria inachukua. Katika shirikisho jimbo halikuazimwa. Jimbo na serikali kuu vyote viwili vinachota kwenye kisima kimoja, katiba, na hakuna mmoja anayeweza peke yake kumfungia mwenzake kata. Kwenye karatasi tofauti ni hiyo tu. Kwenye maisha ni tofauti kati ya mwenye nyumba na mpangaji.

Kwa nini basi nchi inayotoka kwenye udikteta ipate shida na jambo hili kuliko nchi iliyotulia? Kwa sababu kipindi cha mpito ni wakati ambapo watu wanaandika kanuni za mchezo huku wameshavaa jezi. Kila anayesema "majimbo yapewe nguvu" ana jimbo lake mfukoni. Kila anayesema "tusigawe nchi" anatarajia kukaa ikulu. Mwamba ngoma huvutia kwake, na hapa waamba ngoma ni kumi, ngozi ni moja.

Lakini yapo mazuri, na niyaseme kwanza, maana wapo wanaodhani shirikisho ni mzigo tu kwa nchi changa. Angalieni Meksiko. Chama kimoja, PRI, kilikaa madarakani kuanzia 1929. Miaka 71! Kiliondokaje bila vita? Hakikuanguka siku moja. Mwaka 1989 upinzani ulishinda ugavana wa jimbo moja, Baja California. Moja tu. Mwaka 1995 ukashinda Guanajuato, na gavana aliyechaguliwa huko aliitwa Vicente Fox, mtu aliyekuwa amegombea kiti hichohicho mwaka 1991 na kukikosa. Mwaka 2000 Fox akawa rais wa nchi. Kabla ya hapo wapiga kura walikuwa wamekwisha kuona kwamba upinzani ukishika bajeti dunia haiishi. Na wale wa PRI walipong'olewa ikulu walirudi wapi? Walirudi kwenye majimbo mengi waliyokuwa bado wanayashikilia, wakajipanga, na mwaka 2012 wakarudi ikulu kwa kura. Shirikisho lilikuwa shule kwa waliokuwa wakiingia na kimbilio kwa waliokuwa wakitoka. Brazili ilipita njia inayofanana na hiyo: wananchi walichagua magavana moja kwa moja mwaka 1982, wanajeshi wakiwa bado ikulu, na magavana wa upinzani ndio waliosimama mbele mwaka 1984 umati ulipodai haki ya kumchagua rais.

Sasa tuingie kwenye miiba.

Mwiba wa kwanza ni huu: nani anapiga kura kwanza? Wengi huona hili ni jambo la kalenda, la kuachiwa makarani wa tume. Hapana. Naomba niwapeleke nchi mbili.

Dikteta wa Uhispania, Franco, alifariki mwezi Novemba 1975. Aliacha nchi ambayo Wakatalani na Wabasque walikuwa wamenyimwa kwa miongo kadhaa serikali zao, na lugha zao zimefukuzwa shuleni na maofisini. Waziri mkuu Adolfo Suárez akaanza na uchaguzi wa nchi nzima, tarehe 15 Juni 1977. Vyama vya Wakatalani na Wabasque vikaingia Bunge la Madrid pamoja na wengine. Halafu ikaja hatua ambayo kila nikiisimulia hunigusa. Serikali ya Katalunya ilikuwa uhamishoni tangu vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoisha mwaka 1939. Rais wake wa uhamishoni, mzee Josep Tarradellas, aliitwa akazungumza na Suárez, na mwezi Oktoba 1977 akasimama kwenye roshani mjini Barcelona, umati umejaa chini yake, akasema: "Raia wa Katalunya, sasa niko hapa!" Miaka 38 ya kungoja, kisha maneno machache. Katiba ikapigiwa kura Desemba 1978. Sheria za kujitawala za Katalunya na nchi ya Wabasque zikapigiwa kura Oktoba 1979. Mabunge yao yakachaguliwa Machi 1980. Mnaona mpangilio? Jimbo lilipopata bunge lake, tayari kulikuwa na Bunge la wote, lenye wawakilishi wa jimbo hilo ndani yake, ambao walikuwa wameshiriki kuandika katiba.

Nenda Yugoslavia. Jamhuri sita ndani ya shirikisho moja. Kiongozi wake wa miaka mingi, Tito, amefariki mwaka 1980, chama chake cha kikomunisti kinachoka, mwaka 1990 mfumo wa vyama vingi unafika. Nani anapiga kura kwanza? Slovenia mwezi Aprili. Kroatia Aprili na Mei. Bosnia na Macedonia Novemba, Serbia na Montenegro Desemba. Na uchaguzi huru wa shirikisho lote? Haukufanyika. Haukufanyika kamwe! Waziri mkuu wa shirikisho, Ante Marković, aliyekuwa amefaulu kuupunguza mfumuko mkali wa bei, alianzisha chama chake mwezi Julai 1990. Kilikuwa na sera za nchi nzima, lakini hapakuwa na sanduku la kura la nchi nzima. Kila kiongozi aliyekuwa na ridhaa ya wapiga kura alikuwa nayo kutoka kwenye jamhuri yake, na kila mmoja alikuwa ameipata kwa kuahidi kutokubali kuonewa na wengine.

Kulikuwa na urais wa watu wanane waliokuwa wakipokezana uenyekiti. Tarehe 15 Mei 1991 zamu ilikuwa ya Stipe Mesić wa Kroatia. Kura zikagawanyika, Serbia na waliokuwa upande wake wakazuia. Zamu tu hiyo, jambo la kawaida la kupeana kiti. Tarehe 25 Juni, Slovenia na Kroatia zikatangaza uhuru. Yaliyofuata mnayajua: vita.

Je, nasema kalenda peke yake iliiokoa Uhispania na kuiua Yugoslavia? Hapana, msinilishe maneno. Yugoslavia ilikuwa na madeni, makovu ya vita na watu waliokusudia kuyachokonoa. Uhispania nayo haikupita kwenye zulia: kundi la ETA, la Wabasque waliotaka kujitenga kwa silaha, liliendelea kuua, na tarehe 23 Februari 1981 askari waliingia bungeni na bastola mkononi. Mwaka 2017 Katalunya ikawaka tena kwa madai ya kujitenga. Tena katiba ya Uhispania haijiiti hata ya shirikisho. Ninachosema ni kwamba uchaguzi wa kwanza humwambia mwananchi yeye ni nani. Ukimwita kwanza kama mtu wa jimbo, usishangae ukimwita kesho kama raia wa nchi na asigeuke.

Mwiba wa pili ni wa kufuli na funguo. Hapa nawaleta karibu kidogo, Kamerun.

Mwaka 1961 kusini mwa Kamerun ya Waingereza walipiga kura kuungana na Kamerun iliyokuwa chini ya Wafaransa. Wakakubaliana kuunda shirikisho la madola mawili. Kwenye bendera wakatia nyota mbili. Kwenye katiba wakatia kufuli: kifungu cha 47 kilikataza pendekezo lolote la kuvunja umoja na ukamilifu wa shirikisho, na mabadiliko mengine yalihitaji wabunge walio wengi kutoka kila upande. Kila upande, ndugu zangu. Ule mdogo nao ulikuwa na ufunguo wake.

Mwaka 1972 Rais Ahmadou Ahidjo hakujisumbua na kufuli. Alizunguka nyumba akapita dirishani. Aliitisha kura ya maoni ya nchi nzima tarehe 20 Mei: mnataka dola moja? Kura zote kapu moja, za upande mkubwa na za upande mdogo ambao ni kama mtu mmoja kati ya watano. Matokeo rasmi yalikuwa zaidi ya asilimia 99 ya ndiyo. Mwaka 1975 nyota moja ikaondoka kwenye bendera. Mwaka 1984 jina la nchi likabadilishwa, likawa Jamhuri ya Kamerun, jina lilelile la upande mmoja kabla ya kuungana.

Kisha kimya. Miaka inapita, watu wanasema yamekwisha. Mwishoni mwa 2016 mawakili na walimu wa upande wa Kiingereza wakagoma. Walilalamikia nini? Mahakimu waliosomea sheria ya Kifaransa kupelekwa kwenye mahakama zinazofuata sheria ya Kiingereza. Walimu wasiojua vizuri lugha ya kufundishia. Mambo ambayo waziri wa jimbo angeweza kuyamaliza kabla ya chakula cha mchana! Lakini waziri wa jimbo hakuwepo, kwa sababu jimbo halikuwepo. Mgomo ukajibiwa kwa nguvu, nguvu ikajibiwa kwa bunduki, na mpaka leo maelfu wamekufa.

Kwa hiyo mkiletewa katiba ya shirikisho, msiulize tu madaraka yamegawanywa vipi. Ulizeni: nani anaweza kuyarudisha, na kura zake zinahesabiwa kwa kapu ngapi? Waswisi huhesabu kwa makapu mawili. Mabadiliko ya katiba yanahitaji wengi wa wapiga kura wa nchi nzima na pia wengi wa kantoni, yaani majimbo yao.

(Aliniuliza mtu wakati wa chai: kwa nini basi shirikisho la wawili lisitoshe, kila mmoja apewe nusu? Nilimjibu kwa Shirikisho la Mali. Senegal na nchi iliyoitwa Sudan ya Kifaransa, Mali ya leo, zilipata uhuru pamoja tarehe 20 Juni 1960. Tarehe 20 Agosti zilikuwa zimeachana, na Modibo Keïta, kiongozi wa upande wa Sudan, amerudishwa Bamako kwa treni. Miezi miwili. Fahali wawili hawakai zizi moja, maana kila kura ni moja kwa moja na hakuna wa tatu wa kuegemea.)

Mwiba wa tatu ndio unaoniuma zaidi. Refa ni nani?

Serikali kuu na jimbo watagombana. Hilo si dalili ya ugonjwa, ndivyo shirikisho linavyopumua. Swali ni nani anaamua. Na waliotutangulia walikwisha kutuonya juu ya kesi ya nyani kumpelekea ngedere.

Afrika Kusini mwaka 1996. Chama cha Nelson Mandela kilikuwa kimeshinda zaidi ya asilimia 62 ya kura miaka miwili nyuma. Bunge la Katiba likamaliza kazi, dunia nzima inapiga makofi. Lakini wakati wa mazungumzo walikuwa wamekubaliana kanuni fulani mapema, mojawapo ikiwa kwamba madaraka ya majimbo hayatapunguzwa kwa kiasi kikubwa chini ya yale ya katiba ya muda. Tena walikubaliana kwamba Mahakama ya Katiba itaikagua katiba mpya kwa kanuni hizo. Mwezi Septemba mahakama ikasema: hapana. Katiba hii haijakidhi. Miongoni mwa sababu, majimbo yamepunguziwa mno.

Hebu fikirini. Mahakama changa, nyingi ya nafasi zake zimejazwa na Mandela mwenyewe, inairudisha katiba ya Mandela. Yeye akafanyaje? Hakuita umati uwanjani. Bunge la Katiba likakaa tena, likarekebisha, mahakama ikapitisha mwezi Desemba, na tarehe 10 Desemba akaitia saini Sharpeville. Wale waliokuwa wakiogopa, hasa kule KwaZulu-Natal ambako damu nyingi ilikuwa imemwagika kabla ya uchaguzi wa 1994, waliona kwa macho yao kwamba yupo mtu anayeweza kumwambia mkubwa hapana.

Sasa Ethiopia, na hapa nitazungumza taratibu kwa sababu majeraha bado mabichi. Katiba ya 1995 iliyapa mataifa ya nchi ile haki kubwa kuliko karibu katiba yoyote duniani, hata haki ya kujitenga, kifungu cha 39. Lakini kwa miaka mingi shirikisho lile lilishikwa na kitu kisichoandikwa kwenye katiba: muungano mmoja wa vyama ulioongoza serikali kuu na, kwa njia ya vyama wanachama na washirika, majimbo yote. Ugomvi wa jimbo na serikali kuu ulimalizwa ndani ya chama, milango imefungwa. Refa hakuhitajika, kwa hiyo hakukua.

Mwaka 2018 mageuzi yakaja. Wafungwa wakafunguliwa, waliokuwa uhamishoni wakarudi, na mwaka uliofuata muungano wa vyama ukavunjwa na kikaundwa chama kimoja kipya, ambacho chama cha jimbo la Tigray kilikataa kujiunga nacho. Halafu ikaja korona. Uchaguzi wa 2020 ukaahirishwa. Je, serikali ambayo muda wake umekwisha inaendelea kwa kibali cha nani? Swali gumu la sheria, na katika Ethiopia anayeifasiri katiba si mahakama bali ni Baraza la Shirikisho, chombo cha wanasiasa wanaotoka majimboni. Baraza likaongeza muda. Tigray ikakataa, ikafanya uchaguzi wake mwezi Septemba. Serikali kuu ikasema uchaguzi ule ni batili. Tigray ikasema serikali kuu haina tena uhalali. Oktoba, Baraza likaamua fedha za shirikisho zisipitie kwa viongozi wa jimbo. Novemba vita vikaanza, na vilidumu miaka miwili mpaka mkataba wa Pretoria wa tarehe 2 Novemba 2022.

Sitaki hapa kusema nani alikuwa na haki. Nataka mwone tu kwamba pande zote mbili zilikuwa zimeshika katiba mkononi, na hapakuwa na mtu hata mmoja ambaye wote wawili wangemkubali akipuliza filimbi. Refa huwezi kumtafuta dakika ya 89. Lazima awe ameshawahi kumwadhibu mkubwa katika jambo dogo, ndipo mdogo atamwamini katika jambo kubwa.

Fedha nitaipita haraka, ingawa najua mnaipenda. Mkono mtupu haulambwi. Jimbo lenye bendera na wimbo lakini lisilo na mapato yake ni ofisi ya kuomba. Nigeria ilipopata uhuru, nusu ya mapato ya madini ilirudi mkoa ulikotoka. Mafuta yalipokuwa ndiyo kila kitu, na wanajeshi wakawa ndio wanaoamua, sehemu hiyo ikanyofolewa mpaka ikabaki asilimia chache. Watu wa Delta ya Niger wakabaki na mabomba na mito iliyochafuka. Ken Saro-Wiwa aliyepaza sauti alinyongwa pamoja na wenzake wanane tarehe 10 Novemba 1995. Katiba ya 1999 ikarudisha angalau asilimia 13. Lakini fedha bila nidhamu nayo inaunguza: Januari 1999 gavana wa Minas Gerais huko Brazili, Itamar Franco, rais wa zamani, alitangaza kwamba jimbo lake linasimamisha kulipa deni lake kwa serikali kuu, na mwezi huohuo sarafu ya nchi ikaanguka. Sarafu ilikuwa na matatizo mengine pia, lakini gavana mmoja aliongeza kuni.

Mwiba wa mwisho unanirudisha kwenye swali langu, ila sasa naligeuza, na najua baadhi yenu hamtalipenda. Tumeuliza aliyeshindwa katika serikali kuu anarudi wapi. Anarudi jimboni. Je, aliyeshindwa jimboni?

Tarehe 4 Septemba 1957, msichana wa miaka 15, Elizabeth Eckford, alitembea peke yake kwenda shule ya Central mjini Little Rock, jimbo la Arkansas, Marekani. Mahakama ya Juu ilikuwa imekwisha kuamua miaka mitatu nyuma kwamba kuwatenga watoto weusi shuleni ni kinyume cha katiba. Mbele ya shule alikuta askari wenye bunduki. Wa nani? Wa jimbo. Gavana Orval Faubus aliwapanga pale kumzuia yeye na wenzake wanane, na alipoulizwa alizungumza lugha ileile tamu tunayoitumia sisi: haki za jimbo. Msichana akageuka, umati wa watu wazima unamfuata ukimtukana, mpaka kituo cha basi. Aliporudi shule wiki tatu baadaye, Rais Eisenhower alikuwa ametuma wanajeshi wa shirikisho kuwasindikiza mlangoni.

Jimbo ni kimbilio, na jimbo laweza kuwa jela. Unapochora mpaka kulilinda kundi lililo dogo katika nchi, ndani ya mpaka huohuo umelifanya kuwa kubwa, na umeunda wadogo wapya ambao jana hawakuwepo. Nigeria wana suala la cheti cha "mwenyeji": mtu amezaliwa mahali, wazazi wake wamezaliwa hapohapo, lakini kwa kuwa babu alitoka jimbo jingine huitwa mgeni anapotafuta kazi ya serikali. Ethiopia, baada ya majimbo kuchorwa kwa lugha, waliojikuta wanasema lugha nyingine wamefukuzwa makwao mara nyingi. Ndiyo maana haki za mtu mmoja mmoja hazifai kuachiwa jimbo, hata jimbo lako, hata likiongozwa na mjomba wako. Lazima mtu awe na njia ya kumpita gavana na kufika juu. Mimi ni mpenzi wa shirikisho, lakini kwa hili nasimama na Eisenhower.

Namwona mwenyekiti ananionyesha saa. Dakika mbili, mwenyekiti.

Mji wa Moutier, Uswisi. Mji mdogo, si watu elfu kumi. Watu wanaozungumza Kifaransa kaskazini mwa kantoni ya Bern walitaka kantoni yao, na haikuwa lelemama, miaka ya 1960 nyumba zilichomwa moto. Wakapiga kura kwa awamu: kwanza eneo lote, kisha wilaya moja moja, kisha nchi nzima mwaka 1978. Tarehe 1 Januari 1979 kantoni ya Jura ikazaliwa. Moutier ikabaki Bern, na ubishi ukabaki Moutier. Wakapiga kura mwaka 2017, wakaamua kuhamia Jura. Kura ikafutwa kwa dosari. Hakuna aliyechukua silaha. Wakapiga tena Machi 2021, jibu likawa lilelile. Kisha makarani wa pande mbili wakakaa miaka kadhaa kugawana shule, hospitali, madeni na majalada, kantoni zote mbili zikapiga kura kuukubali mkataba mwaka 2024, na siku ya kuhama ikawekwa kuwa tarehe 1 Januari 2026.

Kuanzia 2017 hadi 2026, mji mmoja. Najua inachosha kusikiliza, lakini hivyo ndivyo ubishi wa mpaka unavyomalizwa bila bunduki: aliyeshindwa leo anajua atarudi kwenye sanduku la kura.

Ahsanteni. Nipo tayari kwa maswali, na ningependa la kwanza litoke kwa yule bwana wa shati la bluu ambaye amekuwa akitikisa kichwa tangu nilipotaja Uhispania.